Magari ya zamani: Kwa nini injini ya kabureta huchemka, na jinsi ya kuirekebisha

NI taswira iliyozoeleka katika barabara kuu ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi. Peugeot 504 ya miaka ya sabini imeegeshwa kando ya mteremko, boneti imeinuliwa, mvuke unapaa, naye mwenye gari amesimama na mtungi wa maji mkononi. Fundi anapoitwa, hukumu yake aghalabu huwa moja: rejeta imekufa. Rejeta hubadilishwa kwa gharama kubwa na, baada ya wiki chache, gari lile lile huchemka pale pale.

Kosa katika kisa hiki si la rejeta. Joto ni dalili, wala si ugonjwa wenyewe. Katika injini inayotumia kabureta, chanzo cha kuchemka mara nyingi hakimo ndani ya maji bali katika mambo mawili yanayotendeka ndani ya silinda: wakati ambapo cheche ya plagi huwaka, na uwiano wa petroli na hewa inayoungua. Anayeng'oa rejeta kabla ya kuyapima mawili hayo ni sawa na mganga anayetibu homa bila kujua imeletwa na nini.

Fauka ya hayo, nchini Kenya kuna jambo la tatu ambalo vitabu vingi vya magari vilivyoandikwa Ulaya na Japan havilitilii maanani: mwinuko wa ardhi. Gari linaloondoka Mombasa asubuhi na kuingia Nairobi jioni limepanda takriban mita 1,700. Likiendelea hadi Limuru litakuwa limepita mita 2,200, na likifika Timboroa, katika barabara ya kwenda Eldoret, litakuwa juu ya mita 2,700. Kabureta haina akili ya kutambua safari hiyo. Mwenye gari ndiye anayepaswa kuitambua kwa niaba yake.

Mashine ya enzi yake

Kabureta ilitawala magari ya petroli kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, hadi mifumo ya kupuliza mafuta inayoongozwa na kompyuta ilipoipokonya nafasi katika miaka ya themanini na tisini. Hata hivyo, maelfu ya mashabiki kote duniani wangali wanayatunza magari ya kale, na Afrika Mashariki haikuachwa nyuma.

Sifa za magari haya katika eneo hili zilijengwa na Safari Rally, mashindano yaliyoanza 1953 kwa jina la Coronation Safari. Joginder Singh alishinda 1965 kwa Volvo PV544, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Edgar Herrmann aliibuka mshindi 1970 kwa Datsun 1600SSS, naye Shekhar Mehta akatwaa taji la 1973 kwa Datsun 240Z. Magari hayo yote yalivuta petroli kupitia kabureta. Mnamo 2003 yalianza mashindano ya East African Safari Classic, yaliyoyarudisha barabarani magari ya enzi hizo, ilhali maonyesho ya Concours d'Elegance katika uwanja wa Ngong jijini Nairobi yameendelea kuwapa wamiliki sababu ya kuyang'arisha.

Tatizo ni kwamba ujuzi unapungua. Fundi kijana wa leo amefunzwa kuunganisha kompyuta na gari, asome hitilafu kwenye kioo. Land Rover ya 1968, Datsun 1200, Volkswagen ya mgongo wa kobe au lori la Bedford la injini ya petroli halina pa kuchomeka kompyuta hiyo. Linahitaji sikio, jicho, bisibisi na kumbukumbu.

Jinsi kabureta inavyofanya kazi

Pistoni inaposhuka huvuta hewa kupitia koo jembamba la kabureta. Hewa inapobanwa mahali hapo huongeza kasi, na shinikizo lake hupungua. Upungufu huo ndio unaoifyonza petroli kutoka katika bakuli dogo lililo kando, ikapita katika tundu lenye kipimo maalum liitwalo jeti, ikamwagika ndani ya mkondo wa hewa kama manyunyu.

Ili petroli yote iungue na hewa yote itumike, uwiano unaohitajika ni takriban gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli. Injini inapobebeshwa mzigo au kupanda mlima hutoa nguvu nyingi zaidi uwiano ukiwa kati ya 12.5 na 13. Petroli ikizidi, mchanganyiko huitwa mzito: moshi huwa mweusi, plagi hujaa masizi, na petroli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda. Petroli ikipungua, mchanganyiko huwa mwepesi: huungua polepole, moto hubakia hadi valvu za kutolea moshi zinapofunguka, na injini hupata joto kupita kiasi.

Ni muhimu kukumbuka kwamba ni takriban robo moja tu ya nguvu iliyomo katika petroli inayofika kwenye magurudumu ya gari la kale. Iliyosalia hugeuka joto, ambalo sehemu yake hutoka na moshi na nyingine huingia katika maji ya rejeta. Kwa hivyo, kosa dogo katika uunguaji huongeza mzigo mkubwa kwa mfumo wa kupoza.

Mombasa na Nairobi: injini moja, hewa mbili

Hewa ya Nairobi ni hafifu kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 15. Injini hupata hewa kidogo kila inapovuta, na hivyo hupoteza nguvu kwa kiwango kinachokaribia hicho. Hilo haliwezi kuepukika kwa bisibisi.

Linaloweza kurekebishwa ni mchanganyiko. Kwa kuwa jeti hupima petroli bila kujali uzito wa hewa, gari lililorekebishwa Mombasa huwa na mchanganyiko mzito kwa kadiri ya asilimia 8 linapofika Nairobi. Hukohoa, hutoa moshi mweusi na hunywa mafuta, lakini kwa kawaida haliharibiki upesi.

Hatari kubwa zaidi ni ya safari ya kinyume. Tuseme fundi wa Nairobi ameweka jeti ndogo ili kuokoa mafuta, akaupata uwiano wa 14.7 barabara kuu. Gari hilo likiteremka hadi Mombasa, uwiano utasogea kuelekea 16. Ikiwa fundi huyo pia aliiwahisha cheche kidogo ili kufidia hewa hafifu, kama ilivyo desturi ya mafundi wengi wa nyanda za juu, basi mwenye gari amebeba makosa mawili yanayosaidiana. Kule pwani, kwenye hewa nzito na jua kali, injini itaanza kugonga kwa sauti kama ya kokoto zinazotikiswa ndani ya mkebe. Kugonga huko kukipuuzwa, pistoni hutoboka na valvu huungua.

Kwa muhtasari, gari la Mombasa hukohoa Nairobi, lakini la Nairobi huungua Mombasa. Anayesafiri mara kwa mara kati ya miji hiyo afadhali airekebishe injini kwa kipimo cha pwani na avumilie kukohoa kidogo akiwa juu.

Mwinuko huathiri maji pia. Kiwango cha kuchemka hushuka kwa takriban nyuzi moja ya joto kwa kila mita 300. Maji yasiyo na kifuniko, ambayo huchemka kwa nyuzi 100 Mombasa, huchemka kwa takriban nyuzi 94 Nairobi na karibu 91 Timboroa. Hizo nyuzi chache zilizopotea ndizo mara nyingi zinazotofautisha gari linalopita na gari linalosimama.

Utaratibu wa marekebisho

Mafundi wa kale walikuwa na kanuni moja: kabureta huguswa mwisho. Mwenye kuanza na kabureta huishia kuficha hitilafu ya mahali pengine. Utaratibu unaofaa ni huu: kwanza valvu, pili cheche, tatu uvujaji wa hewa, na nne kabureta.

Valvu: Mwanya kati ya valvu na mkono unaoisukuma hupimwa kwa vibamba vyembamba, kulingana na kitabu cha gari husika. Mwanya ukiwa mdogo mno, valvu haifungi sawasawa. Valvu ya moshi hutegemea kugusana na kiti chake ili kupoteza joto. Isipogusana vyema huungua ukingo. Kwa Volkswagen nyingi za injini ya nyuma kipimo ni milimita 0.15, na hupimwa injini ikiwa baridi kabisa.

Plagi: Rangi ya ncha ya plagi ni barua kutoka ndani ya silinda. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni njema. Masizi makavu meusi huashiria mchanganyiko mzito, weusi wenye mafuta huashiria oili inayopenya, nayo rangi nyeupe yenye vipele huashiria joto la kupindukia. Petroli isiyo na risasi huacha rangi iliyofifia kuliko ilivyoelezwa katika vitabu vya zamani, kwa hivyo weupe kidogo usimtie mtu hofu.

Pointi: Hapa ndipo penye siri ambayo wengi hawaijui. Ndani ya distributa mna vyuma viwili vidogo viitwavyo pointi, vinavyofunguka na kufunga ili koili itoe cheche. Mwanya wake katika magari mengi ya silinda nne ni takriban milimita 0.4. Kisigino kinachosugua mhimili wa distributa hulika polepole, mwanya hupungua na, mwanya unapopungua, cheche huchelewa. Gari halizimiki wala halilalamiki kwa ghafla. Hudhoofika kidogo kidogo na kupata joto kidogo kidogo, hadi siku ya mlima. Pointi zinazogharimu pesa kidogo huweza hivyo kumfanya mwenye gari anunue rejeta mpya.

Wakati wa cheche: Baada ya kuweka mwanya wa pointi, na wala si kabla, wakati wa cheche hupimwa kwa taa maalum inayomulika alama kwenye puli ya mbele. Cheche inayochelewa huunguza petroli wakati pistoni tayari inashuka. Nguvu hupotea, na joto lililopaswa kuisukuma pistoni huingia katika kuta za silinda na bomba la moshi. Cheche inayowahi mno huleta kugonga. Vilevile, kagua kibofu kidogo kilicho kando ya distributa, chenye mpira mwembamba unaokwenda kwenye kabureta. Kazi yake ni kuiwahisha cheche gari linapotembea kwa mwendo wa wastani. Fyonza mpira huo kwa mdomo: bamba la ndani ya distributa likitembea na kukaa hapo, kibofu ni kizima, hewa ikipita bila kizuizi, kimetoboka.

Uvujaji wa hewa: Gasketi iliyo chini ya kabureta au mpira wa breki uliopasuka huingiza hewa isiyopimwa, na mchanganyiko ukawa mwepesi hata jeti zikiwa sahihi. Kuna mafundi wanaonyunyiza petroli ili kutafuta tundu, lakini mtindo huo umewaunguza watu. Njia salama ni kuweka ncha ya mpira mrefu sikioni na kuipitisha ile nyingine karibu na viungo, ukisikiliza mluzi.

Kurekebisha kabureta yenyewe

Injini na iwe imepata joto lake la kawaida, kichujio cha hewa kiwe safi, na choki iwe imefunguka kabisa. Choki iliyokwama nusu hudanganya vipimo vyote.

Kwa kabureta za jeti zisizobadilika, kama vile Solex, Zenith, Weber na nyingi za Hitachi, kuna skrubu mbili za nje. Moja huamua kasi ya injini gari likiwa limesimama, na nyingine mchanganyiko wa wakati huo. Kasi na iwekwe kati ya mizunguko 750 na 900 kwa dakika, kisha skrubu ya mchanganyiko izungushwe polepole hadi injini ingurume kwa utulivu na kasi ya juu zaidi. Ikiwa kasi imepanda mno, ishushe kwa skrubu ya kwanza na urudie. Katika kabureta nyingi, kukaza skrubu ya mchanganyiko hupunguza petroli, lakini baadhi yake hupima hewa badala ya petroli na hutenda kinyume; msomaji asome kitabu cha gari lake.

Jambo linalosahauliwa ni kwamba skrubu hiyo haina mamlaka barabarani. Gari linapokwenda kilomita 80 kwa saa, petroli hupita katika jeti kuu. Anayelalamika kwamba gari linapata joto katika safari ndefu hatatibiwa kwa skrubu ya nje. Jeti kuu na zikaguliwe kama zimeziba au zimebadilishwa, na zisafishwe kwa hewa au dawa ya kabureta pekee. Waya ukipitishwa ndani yake hupanua tundu na kuharibu kipimo milele.

Kabureta za SU, zilizotumiwa katika magari mengi ya Uingereza, zina pistoni na sindano inayopanda na kushuka kulingana na hewa. Jaribio lake ni rahisi. Inua pistoni kwa takriban milimita moja injini ikinguruma. Kasi ikipanda na kubakia juu, mchanganyiko ni mzito. Injini ikitaka kuzima, ni mwepesi. Kasi ikipanda kwa muda mfupi kisha ikarudi, umefika. Usisahau kuongeza oili nyepesi katika kikombe cha juu, kwani kikikauka gari husitasita kila linapokanyagwa.

Hatimaye, pima kimo cha petroli katika bakuli. Boya lililotoboka au takataka kwenye valvu ya sindano hufanya petroli ifurike. Petroli inayodondokea bomba la moshi lenye moto ni chanzo cha kuteketea kwa gari zima.

Mfumo wa kupoza

Baada ya hatua hizo, na gari likiwa bado linachemka, ndipo zamu ya maji inapofika. Hapa pia utaratibu unafaa uanze na kilicho rahisi.

Kifuniko cha rejeta: Si kizibo tu. Ni valvu inayoshikilia shinikizo, na shinikizo hupandisha kiwango cha kuchemka. Kifuniko cha pauni 7 kwa inchi ya mraba huongeza takriban nyuzi 11 hadi 12 za joto. Kikipoteza mpira wake huko Limuru, maji yatachemka kwa takriban nyuzi 93 badala ya zaidi ya 100. Ni sehemu ya bei nafuu kuliko zote, na ndiyo isiyochunguzwa. Hata hivyo, usiweke kifuniko chenye nguvu kuliko kilichopendekezwa, kwani rejeta ya shaba ya miaka 50 hupasuka viungo.

Themostati: Kuna desturi iliyokita mizizi ya kuing'oa na kuitupa, kwa hoja kwamba Afrika ni joto. Hoja hiyo ina kasoro. Injini isiyo na themostati hukawia kupata joto lake, hula petroli zaidi, hukusanya uchafu katika oili na huchakaa upesi. Isitoshe, katika baadhi ya injini themostati inapofunguka huziba njia ya mkato. Ikiondolewa, sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta, na gari likachemka zaidi. Ijaribu themostati katika sufuria ya maji yanayochemshwa: inapaswa kuanza kufunguka karibu na kipimo kilichochapwa juu yake, aghalabu nyuzi 82 au 88. Wakazi wa nyanda za juu wachague ile ya kipimo cha chini.

Feni na mkanda: Mkanda ulegee takriban sentimita moja ukisukumwa kwa kidole katikati. Wamiliki wa Peugeot 404 na 504 wawe na tahadhari zaidi. Feni ya magari hayo mengi haizunguki muda wote, bali hunaswa kwa sumaku ya umeme maji yanapopata joto. Kipande cha kaboni kinachopitisha umeme huo kikilika, au swichi ya joto ikifa, feni huzunguka kwa uvivu tu. Gari litatembea vizuri barabara kuu na kuchemka katika msongamano. Hiyo ndiyo alama yake.

Kwa jumla, gari linalochemka likiwa limesimama au likienda polepole huwa na hitilafu ya feni. Linalochemka likienda kasi huwa na rejeta iliyoziba, pampu dhaifu, mpira wa chini unaojifinya, au makosa ya cheche na mchanganyiko yaliyokwisha kuelezwa.

Rejeta: Wadudu na matope hujaa kati ya mapezi, nayo chumvi hujaa ndani ya mirija. Ioshe nje kwa maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, na ndani kwa kuyapitisha maji kinyume cha mkondo wa kawaida. Maji ya visima vya pwani na ya maeneo mengi kame yana chumvi nyingi. Maji ya mvua au yaliyosafishwa ndiyo bora, yakichanganywa na dawa ya rejeta yenye glaikoli. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu huchemka kwa takriban nyuzi 106 hata bila shinikizo, na huzuia kutu. Hilo lina umuhimu mkubwa katika injini kama ya 504, ambayo kichwa chake ni cha aluminiamu juu ya bloku ya chuma.

Gasketi ya kichwa: Mapovu yasiyokoma ndani ya rejeta, oili yenye rangi ya chai ya maziwa, na moshi mweupe usiokwisha baada ya injini kupata joto ni ishara kwamba gasketi imepasuka au kichwa kimepinda. Hapo hakuna dawa ya kumimina itakayosaidia.

Volkswagen isiyo na maji

Volkswagen ya mgongo wa kobe hupozwa kwa hewa na oili, na hivyo haichemki, lakini huungua kimya kimya. Mkanda wake huzungusha dinamo pamoja na feni. Taa nyekundu ya dinamo ikiwaka njiani, usiendelee hata kilomita moja, kwani huenda mkanda umekatika na feni imesimama. Mabati yanayozunguka injini na mpira unaoziba ukingo wake si mapambo. Yakikosekana, feni huvuta tena hewa ya moto iliyotoka chini. Oili safi ya kiwango kamili ndiyo rejeta yake.

Petroli inapochemka kabla ya maji

Si kila gari linalozima mlimani limechemka maji. Sehemu nyepesi za petroli hugeuka mvuke hata chini ya nyuzi 50. Pampu ya mafuta ya magari mengi ya kale imefungwa kwenye bloku ya injini, na mirija yake hupita karibu na bomba la moshi. Mvuke ukijaa ndani ya mirija, pampu hushindwa kusukuma. Injini huzima, hukataa kuwaka, kisha huwaka bila tatizo baada ya nusu saa. Petroli ya leo imetengenezewa mifumo yenye shinikizo kubwa, kwa hivyo hali hii hutokea kwa wepesi zaidi.

Kitambaa kilicholowa maji kikiwekwa juu ya pampu ni msaada wa dharura uliowaokoa madereva wengi. Suluhisho la kudumu ni kuihamisha mirija mbali na moto, kurejesha kizuizi kinene cha joto kinachokaa chini ya kabureta, au kuweka pampu ya umeme karibu na tanki.

Aina ya petroli nayo ina uzito wake. Kenya na mataifa mengine ya Afrika kusini mwa Sahara yaliachana na petroli yenye risasi kufikia Januari 2006, hatua iliyolinda afya ya watoto dhidi ya sumu. Lakini risasi hiyo ilikuwa ikikinga viti laini vya valvu katika injini za chuma za zamani. Gari ambalo kichwa chake hakijawahi kuwekwa viti vigumu likaguliwe mwanya wa valvu mara kwa mara. Mwanya unaopungua kila baada ya muda mfupi ni ishara kwamba kiti kinalika.

Tatizo jingine ni uchakachuaji. Mnamo 2018 serikali ya Kenya ilianzisha ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuwakatisha tamaa waliokuwa wakiyachanganya na mafuta ya magari. Mafuta ya taa ndani ya petroli huifanya injini igonge na kupata joto hata ikiwa imerekebishwa kikamilifu. Gari likianza kugonga mara tu baada ya kujazwa mafuta, lishuku tanki kabla ya kulishuku distributa.

Tahadhari zisizopuuzwa

Mshale wa joto unapopanda, punguza mzigo, ingia gia ya chini, na ukiwa na kipasha joto cha ndani ya gari kifungue chote, kwa kuwa nacho ni rejeta ndogo. Ukilazimika kusimama, zima injini na ungoje.

Kamwe usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yaliyofungiwa kwa shinikizo hugeuka mvuke mara moja na kurukia uso na mikono. Subiri angaa nusu saa, kisha kifungue kwa kitambaa kinene, hatua ya kwanza kwanza, hadi sauti ya mvuke inyamaze. Wala usimimine maji baridi katika injini iliyokauka ikiwa bado ina moto, kwani bloku au kichwa hupasuka. Anayefanya kazi ya petroli awe na kizima moto karibu, na injini irekebishwe mahali pa wazi, maadam moshi wake huua katika chumba kilichofungwa.

Zaidi ya yote, andika. Daftari dogo ndani ya gari linaloonyesha tarehe, mahali, namba ya jeti, mwanya wa pointi na nyuzi za cheche lina thamani kuliko rejeta mpya. Fundi wa Voi atajua fundi wa Nyeri alifanya nini, na gari litakapochemka tena, itawezekana kujua ni kipi kilichobadilika. Aliyeyapima yote hayo na bado akaona mvuke, huyo sasa ana haki ya kununua rejeta.